Posho ya Espérance

Jumatatu, 2 Machi 2009
Kupalilia maharage tangu asubuhi. Udongo wa hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, mgumu, mvua inatuchezea. Espérance, mke wangu, amebaki nyumbani, miguu imevimba. Mimba ya kwanza, imeingia mwezi wa saba. Tumetoka Fizi, Kongo, juzi juzi tu, bado sijazoea foleni ya chakula. Naichukia.

Alhamisi, 5 Machi
Kliniki. Nesi, Mganda, ameushika mkono wa Espérance juu ya kiwiko, akakunja uso. Amekonda mno. Kampa mfuko wa unga wa uji, wenye soya. Kiswahili chake cha kiaskari: "Mama, hapana kula posho peke yake. Umesikia?" Tumeitika wote wawili. Kwetu posho ni chakula cha kugawiwa. Njiani Espérance amemsifu: huyu nesi ni mtu wa Mungu, hata hapa wanakataza mtu kujifungia na chakula chake.

Jumapili, 15 Machi
Baada ya ibada watoto wa Mama Riziki, jirani yetu, wameshinda hapa tena. Uji wa soya wameumaliza wao. Espérance amekunywa wa mwisho, nusu kikombe. Nimekasirika. Nimemwambia huyo tumboni naye ni mtoto. Akanijibu: "Munganga alinikataza kula posho peke yangu. Batoto banaona njaa, baba." Munganga ndiye huyo nesi. Nani ambishie?

Ijumaa, 17 Aprili
Tumbo dogo. Wanawake bombani wanasema ni heri, mtoto mdogo hatoki kwa shida. Siamini. Mgao umepunguzwa. Nimekwenda Kabingo, nje ya kambi, kutafuta kibarua cha kukata ndizi, wakasema nirudi kesho. Mikono mitupu. Hasira yote nimeimalizia kwenye jembe.

Jumatano, 27 Mei
Mbarara. Uchungu ulianza jana, gari la wagonjwa likatuleta hospitali. Mtoto wa kike. Mimba ilitimia, lakini kwenye mizani hakufika kilo mbili. Daktari ameuliza mama alikuwa anakula nini. Mkono wa mtoto mwembamba kama kidole changu. Naogopa kumgusa.

Ijumaa, 29 Mei
Kitanda cha pili kuna mke wa askari wa kambi ya jeshi ya hapa Mbarara. Mwanawe mnene, analia wodi nzima inasikia. Ametuonea huruma, akafunua sufuria: "Kuja kula posho, muzee." Nikachungulia. Ugali, na maharage pembeni. Nikamuuliza posho iko wapi. Akacheka, akaugonga ugali na kijiko.
"Posho si hii? Lakini mama hapana kula posho peke yake. Weka na maharage."
Espérance alikuwa amelala. Nimetoka nje. Kumbe nesi alikuwa anakataza ugali mtupu, ugali bila mboga. Sisi tukasikia mgao. Tukasikia uchoyo. Nimepiga ukuta hadi mkono umeuma. Nimlaumu nani? Nesi alisema kweli. Mke wangu alitii.

Jumatatu, 1 Juni
Mtoto ananyonya kidogo, anachoka, analala. Maziwa yenyewe haba. Wanasema mama ale, ale vizuri. Nikimwambia Espérance ukweli, ataubeba hadi kaburini. Nisipomwambia, atagawa tena. Sina la kufanya. Nimekaa tu kwenye benchi.

Jumapili, 14 Juni
Tuko nyumbani. Wameturuhusu na mfuko mwingine wa unga. Mtoto bado mwepesi. Nikimbeba, naangalia mara mbili kama yumo kwenye kitenge.
Nimemwambia Espérance kwamba sasa munganga anataka ale peke yake. Akaniangalia.
"Amebadilisha?"
Ndiyo, nimesema, amebadilisha.
Amekaa pembeni na kikombe chake cha uji, mgongo kwa mlango ili watoto wa Mama Riziki wasimwone. Amekunywa taratibu, kwa haya, kama mtu aliyeiba. Ameumaliza wote.