Koo Ameatamia

Jumatatu, 6 Machi 1995

Nimesahihisha tangu asubuhi. Zimebaki karatasi mbili, na ndizo zenye uzito. Shule moja ya Kawangware inataka mwalimu wa Kiswahili. Waombaji ni wawili. Mwalimu mkuu amenipa mimi, mstaafu, niamue. Niliwaagiza watunge zivindo: shairi linalochukua neno moja na kulifuata katika maana zake.

Kizito amechagua "kata". Shairi safi, baridi, halina kosa. Nafula, anayefua nguo za watu, amechagua "koo". Ubeti wa kwanza ni koo la mwimbaji. Mzuri. Ubeti wa pili unaanza hivi:

Koo ameatamia, mayai hataki mtu.

Mizani imetimia. Sarufi imekufa. Hii ndiyo Nairobi. Mtoto yangu, kitabu imepotea, na sasa koo ameatamia. Nimeandika kwa wino mwekundu: "Koo ni LI-YA. Koo haliatamii. Soma kwanza, utunge baadaye." Ubeti wa tatu sikuusoma. Saba kati ya ishirini.

Jumatano, 8 Machi

Kawangware, kwa miguu. Matokeo mbele ya walimu wote na waombaji wawili. Mstari ule niliusoma kwa sauti. Walicheka kabla sijaeleza.

Nafula akasimama. Ndiye peke yake aliyeniamkia shikamoo nilipoingia.

"Samahani, Mwalimu. Koo si hili la shingoni tu. Koo pia ni kuku anayetaga. Malindi, nilikofanya kazi za nyumbani, ndivyo wanavyomwita."

Nikamwuliza ni kuku yupi wa Malindi aliyempa cheti.

"Keti tu, mathee," Kizito akamwambia, akimwita mama kwa Sheng. "Hiyo kazi imeenda."

Wakacheka tena. Akaketi. Vidole vyake vimechunwa na sabuni. Hakulia. Nilifurahi. Huu ni ukweli, nauandika: nilifurahi.

Barua ya kazi ya Kizito itatiwa sahihi Jumatatu mchana.

Ijumaa, 10 Machi

Nilikuwa napita uani na ndoo ya maji. Bi Zuhura, jirani yangu hapa Makina, mzaliwa wa Mombasa, akapiga kelele.

"We Mwalimu, taratibu! Utamkanyaga koo wangu!"

Nikasimama. Nikamwuliza amesema nini.

"Koo! Si huyo hapo, kaatamia. Masikio umeyaacha shuleni, baba?"

Kuku mwekundu, nyuma ya jiko. Amejikunyata, ananitazama kwa jicho moja.

Nikaingia ndani, nikafungua kamusi. Koo, la shingoni. Chini yake, koo tena: ndege au mnyama jike aliyetaga au kuzaa. A-WA.

Nimefundisha miaka thelathini na mmoja. Ukurasa ule nimeufungua mara nyingi. Kila mara niliishia maana ya kwanza. Kiswahili changu ni cha darasani. Wakufunzi walitupa orodha ya ngeli tukaikariri, na katika orodha ile koo lilikuwa na maana moja.

Leo nimeusoma ubeti wa tatu. Koo, wingi wa ukoo. Koo zilizohama, zikakutana kwenye bomba moja la maji. Sijawahi kusahihisha shairi bora kuliko hili.

Jumamosi, 11 Machi

Nimemwandikia mwalimu mkuu. Aya mbili. Nimekiri kosa, nimetaja ukurasa wa kamusi. Barua haina doa. Sijaipeleka.

Jumapili, 12 Machi

Kanisani sikusikia mahubiri. Niliwasikia walimu wale wakicheka. Safari hii wananicheka mimi. Barua iko mezani.

Jumatatu, 13 Machi

Saa moja asubuhi, Nafula mlangoni. Ametoka Kawangware kwa miguu, kabla ya kwenda kufua. Karatasi yake mkononi, imekunjwa mara nne.

"Sikuja kukusumbua, Mwalimu. Sina kamusi. Ile ya shule imechanika, K yote haipo. Naomba unitazamie neno moja tu. Nikiwa nimekosea nitatulia. Kama sikukosea..."

Kamusi ilikuwa mezani, juu ya barua. Hatua mbili kutoka aliposimama.

"Nimeshatazama," nikasema. "Halimo."

Akaikunjua karatasi yake.

"Basi nilisikia vibaya. Na watoto wangu nimewafundisha hivyo hivyo. Nitawaambia waache."

Akaniomba kalamu na rula. Akaufuta ubeti wa pili mwenyewe, mstari mmoja baada ya mwingine, kwa unadhifu. Akanishukuru kwa kumpokea bila miadi.

Alipotoka niliichana barua.

Alhamisi, 23 Machi

Kizito anafundisha. Mwalimu mkuu ameridhika naye. Mvua zimeanza.

Nimekutana na Nafula karibu na soko la Kawangware, furushi la nguo kichwani, limefunikwa nailoni. Akaniamkia. Sauti imekauka. Nikamwuliza ana nini.

"Koo langu linaniuma, Mwalimu."

Kisha akasita, akanitazama usoni.

"Li-naniuma," akarudia polepole. Akangoja.

"Sahihi," nikasema.

Akatabasamu. Akaenda zake.