Usitafute Tena Ule Mninga

Mpendwa wangu baba Neema,

Usishtuke kuitwa hivyo. Ulipoondoka watu walikuwa bado wanakuita dereva wa Korogwe, na Neema alikuwa tumboni, akicheza kila ulipopiga honi. Sasa ameota meno ya chini na anang'ata kila kitu, hata kidole cha padri siku ya ubatizo. Barua hii ni ya wazi. Nimewapa watu wa redio waisome kwenye kipindi cha salamu, maana sijui nikutumie wapi. Lakini najua una redio ndani ya pikapu. Nilikuwepo ilipofungwa.

Unaikumbuka ile siku ya Kasulu? Tulizunguka maduka ya sokoni tangu asubuhi, umenishika mkono kama tunachagua kitambaa cha harusi. Wewe ulitaka redio kaseti yenye taa za kijani. Mimi nilitaka yenye vitufe vikubwa, nikavibonyeza vyote mpaka mwenye duka akasema, "Dada, hicho si kinanda." Tukatoka na ile ya taa za kijani. Uliipakata njia nzima mpaka kwa fundi, hukutaka hata niipokee.

Fundi Siliveri alikuwa na kibanda chake nyuma ya soko. Kwao ni Burundi, kama kwa wazazi wangu. Alipima tundu la dashibodi kwa vidole, akaona redio haiingii, akachukua msumeno wa chuma. Wewe ukafumba macho.

"Itakuwa tayari lini?" ukauliza.

Akajibu bila kuinua kichwa, "Ejo."

Ukanigeukia mimi. Nikakwambia ejo ni kesho. Halafu nikaona nisikudanganye, nikaongeza kwamba ni jana pia.

"Neno moja hilo hilo?"

"Hilo hilo."

"Sasa mtu anajuaje?"

Siliveri akacheka. "Anangoja, shemeji. Akingoja atajua."

Tukalala kwa shangazi, na kulipokucha redio ikalia. Milango yote miwili ikaimba, maana spika moja aliitia kwako na nyingine kwangu. Ila ukipiga honi, redio inanyamaza. Ukiiachia, inaendelea. Siliveri akahangaika na nyaya zake mpaka shati likalowa, mwisho akasema, "Hiyo ni adabu. Mkubwa akisema, mdogo ananyamaza." Tulicheka mpaka Makere. Ukawa unapigia honi hata kuku walio mbali, ili tu tuusikie ule ukimya.

Mpaka leo nikifumba macho nakuona kwenye zile taa, uso wako umekuwa kijani kidogo, kama mtu anayeangalia kutoka ndani ya maji.

Lakini njia za kwetu zilikuwa zinakuchezea, mume wangu. Ulisema zote ni nyekundu na zote zina migomba. Mara ile ulitoka Kasulu ukisema unarudi nyumbani Kibondo, ukatokea Mtabila, kambi ya wakimbizi, nyuma ya malori ya chakula. Mlinzi akakuuliza, "Umeleta unga au maharage?" Nawe ukamjibu, "Natafuta mke wangu." Kambi nzima wakataka kukusaidia.

Ndipo nikaazima redio ya nesi, ile inayorekodi. Nikaitia kanda, nikakaa kitandani, nikafumba macho, nikasafiri njia yote kwa mdomo. Toka Kasulu, stendi iache nyuma. Makere punguza, kuna mbuzi. Ukivuka daraja la Malagarasi washa taa, hata kama ni mchana, ni kwa ajili yangu tu. Ukiona mninga mkubwa wenye mizinga ya nyuki, kata kushoto. Halafu nyoosha mpaka mlangoni. Ulikuwa unaisikiliza hata pikapu ikiwa imesimama hapa uani. Unasema unapenda ninavyosema nyoosha.

Siku uliyokwenda kwenu Korogwe kumuuguza mama yako, kanda ilikuwa ndani ya redio. Ukachungulia dirishani ukasema, "Ejo, mke wangu." Ndiyo mara ya kwanza kunisemesha kwa lugha ya nyumbani kwetu. Tangu hapo mvua zimekuja zimeisha, wala sijasikia neno. Jirani yetu mama Zabroni ananiambia, "Alisema ejo? Basi alishakuja jana, hukumwona tu." Mbele yake nacheka. Nikifika kisimani nanawa uso mara nyingi kuliko inavyotakiwa.

Sasa sikiliza kwa makini. Juzi lilipita lori la chumvi kutoka Uvinza. Dereva wake anasema kule nyuma yake kulikuwa na pikapu nyeupe imekwama kwenye tope, inaimba, na ikipiga honi wimbo unakatika. Nilimshika shati. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Baba Neema, ule mninga haupo tena. Wameukata, wamepasua mbao, nyuki wamehamia wanakokujua wenyewe. Kanda yako bado itakwambia kata kushoto kwenye mninga, na wewe nakujua, utautafuta mpaka utokee Kakonko. Kwa hiyo usiutafute. Tafuta kisiki cheupe. Nimekipaka chokaa mimi mwenyewe, Neema akiwa mgongoni, amejipaka mpaka masikioni. Mama Zabroni akapita akasema, "We mtoto, unapaka kisiki? Kwani kaburi hilo?" Nikamwambia, "Ni kwa ajili ya mume wangu, migomba yote anaiona mmoja." Akatikisa kichwa, akaenda zake. Jioni nikamkuta amekipaka upande wa pili, ule nilioshindwa kuufikia.

Kwa hiyo toka Kasulu, stendi iache nyuma. Makere bado kuna mbuzi. Darajani washa taa. Kisiki cheupe, kushoto. Halafu nyoosha, nyoosha hivyo hivyo, usimuulize mtu.

Ukifika uani, kanda itakuwa bado inasema. Piga honi. Ile sauti yangu ya redioni itanyamaza, halafu utasikia hii nyingine, inatoka nyumbani mbio na mtoto mgongoni.

Ejo, mpenzi. Ile ya mbele.

Ni mimi mkeo,
mama Neema