Kuku Aliyeitwa Bembea

Mpendwa mke wangu, Mama Salome,

Watu wakiandikiana huanza kwa kuulizana hali. Yako siwezi kuiuliza. Yangu ungeniona tu ungeijua: nimekonda, ukuta wa jikoni umepasuka, na jana mtoto wetu amerudi kutoka Dar es Salaam na habari ambayo sijui nimpelekee nani kama si wewe.

Ndiyo, Salome amefika Saba Saba. Lakini kabla sijakueleza alichokikuta huko, niache nianzie mbali, maana huku sina wa kuzungumza naye mambo haya. Nikitaja bembea majirani wanatazamana, wanadhani uzee umeniwahi.

Uliitoa mjini, habari ya ile bembea. Ulikwenda Singida kuuza mayai kwenye duka la Mama Ramila, yule mama wa Kihindi ambaye hakuwahi kukupunja hata siku moja, mkapiga soga mpaka jua likapinduka. Akakusimulia kwamba mumewe alimpeleka kwenye maonyesho ya Saba Saba, na huko akapanda bembea ya chuma, ndefu kupita mti wowote wa kwetu Mtinko, inayowazungusha watu juu wakaiona bahari, kisha inawarudisha chini wakiwa wazima. Ulifika nyumbani na vumbi mpaka magotini, hata maji hukunywa.

"Baba Salome, nataka kupanda ile kitu."

"Utafika na gari gani? Hata baiskeli hatuna."

"Nani kataja gari? Mimi nimetaja bembea."

Nilicheka sana siku hiyo. Wewe mzaliwa wa Shelui, ulikua ukitazama malori yakipita kwenda Nzega, kwa hiyo kwako safari ilikuwa ni jambo la kupanga tu. Kwangu mimi niliyekulia nyuma ya ng'ombe, Dar es Salaam ilikuwa jina la redioni. Tulikuwa na nyumba yetu ya tembe, shamba la uwele na alizeti, na mtoto mmoja ambaye alikuwa bado hajaacha kunyonya. Nani katika hali hiyo anawaza kwenda kuzungushwa hewani?

Ukapanga kwa kuku. Sijaona mtu mwingine aliyepanga safari namna hiyo. Ulichagua mitetea, ukampa kila mmoja jina la kipande cha njia. Manyoni na vifaranga vyake vyote walikuwa nauli ya basi kutoka Singida mpaka stesheni ya Manyoni. Treni alikuwa yule mweusi, mtagaji hodari, na mayai yake yalikuwa ya kutupakia daraja la tatu. Chakula hakikuhitaji kuku, tungebeba viazi vitamu vilivyokaushwa na kibuyu cha asali. Malazi pia hayakuhitaji kuku, kaka yako alikuwa na chumba Temeke, na ulikuwa umeshaulizia ukaambiwa kutoka pale mpaka uwanjani ni kutembea kwa miguu. Na yule mtetea wa madoadoa, mwenye kiburi, aliyelala juu ya kinu badala ya kulala na wenzake, huyo ukamwita Bembea.

Kurudi alikuwa jogoo, tena mwembamba. Nikakuuliza mbona nauli ya kurudi ni dhaifu hivi.

"Kwani nani kasema tutarudi?" ukanijibu, ukacheka mpaka Salome naye akacheka bila kujua kinachochekesha.

Kilichobaki kilikuwa njia ya kutoka kwetu mpaka mjini, na mtoto alikuwa mzito wa kubebwa mgongoni umbali ule. Hilo nalo ukalimaliza. Ulimkumbuka dereva mmoja wa lori la vitunguu, mtu wenu wa Shelui, ukamwomba, akakuahidi kwamba siku tutakayokuwa tayari atapita kutuchukua mlangoni. Ukamshonea Salome gauni la njano, ukalikunja, ukaliweka ndani ya sanduku. Alipokuwa mkubwa wa kuelewa ukamwambia: "Lori likija mlangoni, mama, unavaa hili. Hapo ujue tunakwenda Saba Saba."

Lakini ufugaji wa kuku unaujua. Kideri kilipopita Mtinko, Manyoni alikufa na ukoo wake wote. Nilidhani utakata tamaa. Ulizika kuku wako nyuma ya zizi, ukanawa mikono, ukasema basi mpaka Manyoni tutatembea. Nilikuambia Manyoni si hapo kwa jirani. Ukasema treni haijali umefikaje stesheni.

Halafu mama yangu akaja kututembelea, Mungu amrehemu. Mama mkwe anakuja na kwenye uwanja wako kuku wanaparura, utamwambia nini? Kwamba huyu mweusi ni treni? Ulimkamata Treni mwenyewe ukaniletea nimchinje. Ulimpikia mama vizuri, ukamwekea na firigisi, ukapiga magoti ukamnawisha. Ila nilipoingia jikoni kuchukua maji nilikukuta unalia, na nilipotaka kukushika ukasema ni moshi. Mwaka uliofuata ulianza upya. Ulimlea kifaranga mwingine, ukampa jina lile lile.

Tulikuwa karibu, mke wangu. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Treni wa pili alikuwa anataga, Kurudi amenenepa, na wewe ulikuwa umeanza kuwaaga watu kwa utani. Hapo ndipo tulipoitwa mkutanoni tukaambiwa kwamba sisi wote wa bondeni tuhamie kijijini, kando ya barabara, tuwe pamoja, tupate shule na zahanati. Sikupinga. Shule niliitaka kwa ajili ya Salome. Nilidhani tu tutapewa muda wa kuvuna.

Lori lilikuja asubuhi, likasimama mlangoni kwetu. Tulikuwa tunatoa vyungu na magunia, vijana wameshapanda juu ya tembe wanaanza kubomoa, watu wanapiga kelele, na mimi natafuta jembe langu. Kugeuka hivi namwona Salome amesimama katikati ya uwanja amevaa gauni la njano. Amelivaa nyuma mbele. Kwapani amembana Bembea.

"Baba! Limekuja! Twende Saba Saba!"

Nilikuangalia wewe. Ukamsogelea, ukamvua gauni, ukamgeuzia vizuri, ukafunga vifungo kimoja kimoja kama vile hakuna mtu anayetuharakisha. Kisha ukamnyanyua. "Panda, mwanangu." Aliimba njia nzima, na wazee waliokuwa wamekaa juu ya mizigo yao waligeuza nyuso pembeni.

Tukateremshwa mahali penye vigingi na nyasi. Kuku wengine walikuwa wamekufa kwenye tenga kwa kubanwa na mizigo, Treni akiwa mmoja wao. Kurudi aliruka njiani tukamwacha. Salome akazunguka na Bembea wake, akatazama huku na huku, akakushika kanga.

"Mama, Dar ndiyo hapa?"

"Bado, mwanangu. Hapa tunapumzika."

Mvua ilitukuta na kuta bila paa. Wewe ndiye uliyelala upande wa maji ili mtoto alale pakavu, na homa ilipokuja ilikukuta umechoka. Zahanati ilikuwa bado ni vigingi. Nilizunguka kijiji kizima kuulizia gari. Yale malori yaliyotuhamisha kwa siku chache tu, sasa hapakuwa na hata moja la kumpeleka mgonjwa Singida. Tukakufunga kwenye kitanda cha kamba, tukakubeba mimi na ndugu zangu kwa zamu. Ulikuwa unaongea vizuri mpaka tulipovuka korongo la pili. Uliniuliza kama nimemfungia Bembea asiliwe na kicheche. Nikakuambia nimemfungia. Baada ya hapo hukuuliza kitu. Tukakurudisha, tukakuzika kule bondeni tulikotoka, kwa wazee.

Baba yako alifika kwenye matanga kutoka Shelui, na wazee wawili. Nikimkumbuka, namwona ameketi kwenye kigoda, fimbo katikati ya magoti, na jikoni kina mama wananiuliza kwa macho tutampa nini mkwe. Kijiji kizima hakikuwa na kitu, wote tulikuwa wahamiaji. Kuku alikuwa mmoja tu. Nilimtoa juu ya kinu pale alipolala siku zote, na Salome aliniona. Hakulia. Baba yako alipoletewa firigisi aliikata, akamwita mjukuu wake ampe kipande, na mtoto akafumba mdomo akatikisa kichwa. Mzee hakujua kisa. Alidhani ni huzuni ya mtoto aliyefiwa, na kweli ilikuwa ndiyo hiyo.

Tangu siku hiyo nafuga, lakini sitoi majina.

Sasa Salome yuko darasa la saba, ana miguu yako mirefu na ubishi wako. Mwaka huu kikundi cha ngoma cha shule yao kilichaguliwa kwenda kucheza Saba Saba. Lori la kuwachukua lilisimama uwanjani pa shule, na mimi nilikwenda kumsindikiza. Nilikuwa nimeuza mtetea. Nikamfungia pesa kwenye pindo la kitambaa, nikamwambia ni ya ile kitu. Alinitazama. Sikujua kama anakumbuka. Akasema, "Najua, baba." Siku zote alizokuwa huko sikulala vizuri, na usinicheke, kidogo nilikuwa na furaha.

Jana akafika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Uliiona?"

Akaketi kwanza, akavua viatu. "Ipo, baba. Ila imesimama. Wanasema kuna chuma kimekatika na spea hazipatikani. Watu wanakaa kwenye kivuli chake. Kuna mama alikuwa ameanika nepi kwenye viti."

"Ukafanya nini?"

"Nilikaa kwenye kiti cha chini mpaka mwalimu akaniita."

Akafungua kile kitambaa akaniwekea pesa zangu mkononi, zote. Nikadhani yamekwisha. Lakini huyu ni mwanao.

"Baba, siku ile nilipovaa gauni, mama alijua lile lori la wapi?"

"Alijua."

"Sasa mbona aliniambia tunapumzika?"

Mama Salome, ningeweza kumjibu. Ningeweza kumwambia kwamba ulikuwa umeshaanza kupanga upya, pale pale kwenye nyasi, na kuku mmoja. Nilitaka hata kumrudishia maneno yako, kwamba bado, mwanangu, hapa tunapumzika. Lakini mtoto ana akili, angejua kwamba nadanganya. Akainuka akaenda kutafuta kuni.

Ndiyo maana nimekuandikia. Usiendelee kutusubiri na kibuyu chako cha asali. Tulikuwa hatupumziki, mke wangu. Tumefika. Ni hapa.

Lala salama huko bondeni kwa wazee,

Mumeo,
Baba Salome