Sifa Zote Apewe Mnunuzi

4 Aprili

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama na goti limepunguza makali. Mimi ni mzima, ila nimekonda kidogo. Usianze kupiga simu.

Uliniuliza kazi yangu mpya ni ipi hasa, maana majirani wanakuuliza na wewe unawajibu "anaandika" tu. Ni kweli, naandika. Ofisi yetu inabuni mpango wa kununua hati za umeme safi kutoka kwa wazalishaji wadogo. Viwanda vikubwa vimeamriwa vionyeshe kwamba sehemu ya umeme wao inatokana na jua, upepo au maji. Visivyo na paneli vitachukua hati kwetu, na sisi tutazinunua kwa watu kama wewe, wenye paneli juu ya paa. Kila uniti elfu moja za jua ni hati moja. Umeme wenyewe unabaki kwako, unagandisha barafu yako kama kawaida. Unachouza ni hati tu.

Mkuu wa kitengo amenipa niandike fomu. Alisema, "Iandike hivi kwamba mtu aielewe akiisoma amesimama." Ina vifungu kumi na kimoja. Kabla ya kutoka kazini navihesabu kama mtu aliyepewa watoto wa jirani awavushe barabara.

Fikiria kuingia. Wenye paneli chache wanaruhusiwa kuungana kundi moja.

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linakusalimu. Huko kukonda nitakuja kukushughulikia mwenyewe. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu unanong'ona kama mtu aliyejificha kabatini.

Barua yako niliisoma kwa sauti pale kiwandani kwangu, wateja wakaacha barafu iyeyuke. Seremala akauliza, "Yaani wananunua karatasi, umeme wanatuachia?" Nikamwambia ndivyo. "Basi hao wana wazimu." Nikamjibu achunge mdomo, aliyeiandika hiyo nimemlea mimi.

Sasa tuko kundi la watu tisa: mimi, seremala, msusi, daktari wa meno, yule fundi baiskeli na wengine wa mtaa wa nyuma. Nimekuwa kiongozi bila kupigiwa kura, kwa kuwa ndiye mwenye mtu ofisini. Msusi aliuliza kama hakuna ubaya wowote uliojificha. Nikamwambia ubaya ungekuwepo mwanangu angeniandikia. Huyu mtoto huniandikia hata manyunyu.

Shangazi yako

2 Mei

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na habari za kazi. Mimi sijambo.

Fomu zimechapwa na mtazipata wiki hii. Kuna maneno yaliyobadilishwa baada ya kutoka mezani kwangu. Kifungu cha saba kisomeni mara mbili. Leo siwezi kuandika zaidi, nina mafaili hadi kidevuni.

Nakuomba sana usiwaambie watu kwamba una mtu ofisini.

Mwanao

20 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na pole na mafaili.

Kifungu cha saba tumekisoma mara nne, si mbili. "Muuzaji anahamisha kwa Mnunuzi sifa zote za kimazingira zitokanazo na umeme husika, kwa muda wa miaka kumi." Daktari wa meno akasema hiyo ni lugha ya wanasheria. Mimi nikasema: wapeni! Sifa zote apewe mnunuzi, sisi hatukuja kutafuta sifa. Tumecheka sana. Seremala akaongeza kwamba msusi peke yake ndiye atakayeumia, maana anapenda kusifiwa.

Basi tumetia sahihi wote tisa. Mimi ni mwombaji namba 53. Wametuambia tarehe 12 Juni tuje ukumbini kuthibitisha, na baada ya hapo hakuna kurudi nyuma.

Kwa furaha nimempa mchoraji ukuta wote wa mbele: BARAFU YA JUA, kila herufi ndefu kuliko mimi. Meneja wa hoteli ya ng'ambo ya barabara ametoka mwenyewe kuupiga picha. Anasema wageni wake wanapenda kuambiwa barafu kwenye glasi zao imegandishwa na jua, na hataki tena ya mtu mwingine. Hoteli hiyo sasa ni nusu ya kazi yangu.

Shangazi yako

28 Mei

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Sijui nianze wapi, kwa hiyo nitaanza na ukuta.

Sifa zinazosemwa kwenye kifungu cha saba si za kusifiwa. Ni ile hali ya umeme kuwa wa jua. Kiwanda kinachonunua hati hakipati umeme wako, kinapata haki ya kusema kwamba umeme huo wa jua ni wake. Haki hiyo haiwezi kuwa ya watu wawili. Ukishathibitisha, kwa miaka kumi huruhusiwi kuiita barafu yako ya jua, wala ukutani wala kwa mdomo. Hoteli nayo haitaruhusiwa. Mnunuzi wa kwanza aliyejiandikisha ni kiwanda cha saruji.

Mimi niliiandika sentensi hiyo wazi: "Ukishauza hati, huwezi tena kusema unatumia umeme wa jua, anayesema ni aliyenunua." Mkuu akaikata kwa kalamu nyekundu. Alisema inatisha bila sababu, na kwamba mpango usipofikisha wazalishaji mia moja utavunjwa kabla haujaanza. Nilisema "sawa, Mkuu." Niliisema haraka mno, hata yeye akaniangalia.

Nilijua tangu mwisho wa Aprili. Nilipokuandikia mkisome mara mbili, nilikuwa najifanya nimekwambia.

Jitoe, Shangazi. Mpaka tarehe 12 unaweza kufuta jina lako bila adhabu. Barua hii tafadhali ichane.

Mwanao

5 Juni

Mwanangu,

Nimeipokea. Hali yangu si mbaya.

Kwanza nilicheka, nikamwambia paka: sasa saruji ndiyo itakuwa ya jua, na barafu yangu itakuwa ya nini, ya mwezi? Kisha sikucheka tena. Niliwakusanya wale wanane nikawasomea barua yako, maana mimi ndiye niliyewaingiza. Msusi hakunilaumu. Aliendelea kusuka. Afadhali angenitukana.

Barua sijaichana. Nimeisoma tena na tena na kuna jambo sikulikuta. Hii umemwandikia mwombaji namba 53. Ya namba 52 umeiandika lini? Na ya 54? Hao nao wana kuta zao, wana wateja wao. Kosa lao ni kwamba hawakukulea?

Usiniokoe mimi peke yangu kama mwizi anayepitisha mzigo dirishani. Najua unaogopa. Ulikuwa unaogopa hata kengele ya shule. Lakini uoga wako safari hii unalipiwa na watu wengine.

Shangazi yako

9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nimekusikia.

Alhamisi hii, tarehe 12, ukumbini mimi ndiye nitakayesoma fomu kwa sauti, kifungu baada ya kifungu, kabla watu hawajathibitisha. Sentensi yangu haimo. Nitaisoma kama vile imo.

Mkuu atakuwa ameketi mbele yangu, hatua mbili. Bado niko kwenye kipindi cha majaribio hadi Julai, na kumwachisha kazi mtu wa majaribio hakuhitaji hata barua. Nimejaribu kuisoma peke yangu chooni kazini. Mara tatu sauti imekwama kwenye "huwezi".

Usije. Nikikuona nitashindwa.

Mwanao

13 Juni

Mwanangu,

Nilikuja. Nilikaa nyuma ya nguzo, na seremala mbele yangu, mabega yake unayajua.

Vifungu sita ulivisoma kama mtu anayeagiza chumvi dukani. Ulipofika cha saba ukanywa maji. Ukanywa tena. Mara ya tatu glasi ilikuwa tupu, na bado ukainywa. Mwanamke aliyekaa kando yangu akasema, "Binti wa watu anaumwa." Nikamwambia hapana, anapasha koo moto.

Halafu ukaisoma. Mzee mmoja wa kofia akasema, "Rudia." Ukairudia bila kuangalia karatasi, ukaweka na mfano wa duka la mkate lililouza hati. Mkuu wako akasimama: "Karani amesoma kisichoandikwa." Na yule mzee: "Basi kiandikwe!" Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi, na wewe ukatolewa kwa mlango wa pembeni. Ndiyo maana nakuandikia, maana hayo mengine hukuyaona.

Watu walipanga foleni meza mbili, ya kuthibitisha na ya kujitoa. Hazikupishana sana kwa urefu. Seremala amebaki. Anasema hakuna aliyewahi kuiuliza meza yake imerandwa kwa umeme wa nani. Msusi amebaki pia, na sasa ndiye kiongozi. Daktari wa meno ametoka kundini. Mimi nimejitoa, lakini nimejitoa kwa kujua, na wao wamebaki kwa kujua.

Sasa sikiliza. Natoka, Mkuu wako akanisimamisha mlangoni. Alikuwa ameona kwamba nilipiga makofi peke yangu kabla ya watu wengine. Akaniuliza, "Mama, huyu karani ni nani wako?" Nikawaza, nikisema ukweli watasema ulifanya yote kwa ajili ya ndugu yako, na hapo umekwisha. Nikamjibu kwa macho makavu: "Simjui. Ndiyo kwanza namwona leo."

Akaingiza mkono mfukoni akatoa karatasi uliyomwandikia. Mwandiko wako ule wa kubana. "Mwombaji namba 53 ni shangazi yangu, ndiye aliyenilea. Nimemwandikia kuhusu kifungu cha saba. Waombaji wengine nitawaambia Alhamisi." Tarehe 6 Juni. Yaani alijua tangu Ijumaa iliyopita, na bado akakupa ile karatasi usome! Na wewe hukuniambia, ukaniacha niaibike mbele ya mtu mwenye tai.

Hakunicheka. Aliikunja karatasi mara mbili, akasema, "Mwambie aje Jumatatu saa mbili." Sikumuuliza ni kwa heri au kwa shari. Nadhani hata yeye alikuwa hajaamua.

Nenda. Kula kwanza.

Shangazi yako, ambaye jana asubuhi alikuwa hakujui