Wino Juu ya CD ya Alhaji

Jumatatu, 3 Julai 2000
Makambako tena, kukagua kompyuta chakavu za Alhaji Mbwana. Jioni nimerudi chumbani kwangu, mtaa wa Ramadhani, Njombe. Baridi kali.
Leo kuna jipya. Katika boksi la vifaa vilivyotumika, Alhaji amekuta CD ya gemu, mchezo wa kuchezwa kwenye televisheni. Mzungu mmoja wa Dar, mkusanyaji wa michezo adimu, anashuku kuwa mchezo huo ulitengenezwa ukaachwa kabla ya kutolewa sokoni. Ikiwa ni halisi, atainunua, na Alhaji atafungua ofisi ya kompyuta Njombe. Msimamizi nitakuwa mimi. Amelitamka mbele ya madereva wake. Nimeahidi taarifa ya kitaalamu.

Jumanne, 4 Julai
Mashine ya kuichezea iko kwa Idi, shemeji yake Alhaji, mwenye kibanda cha gemu karibu na stendi ya Makambako. Simpendi. Aliishia kidato cha pili, lakini huniangalia kana kwamba ndiye aliyenitunuku shahada. Sikumsalimu.
Mchezo hauna sauti. Mpiganaji anapenya ukuta. Hatua ya pili, picha inaganda.
"Hii gemu haijaiva, Injinia. Waliiepua mapema," Idi amesema.
Nimemjibu kwamba imenakiliwa vibaya. Wateja wake wamecheka. Najua walimcheka nani.

Alhamisi, 6 Julai
Nimeilinganisha na CD tatu halisi. Halisi zina mgongo mweusi, upande unaosomwa na mashine. Hii ni ya kijani, kama bandia zote za Idi. Halisi zina chapa ya kiwanda. Hii ilikuwa na maandishi ya kalamu nene: herufi kadhaa, namba, tarehe. Idi naye huandika hivyo juu ya kila CD anayonakili. Nimeamini aliandika yeye ili kuniaibisha. Nimeyafuta kwa spiriti nione kama kuna chapa chini yake. Hapakuwa na kitu.
"Unafuta nini wewe? Mwandiko wangu unaujua?" Idi, mlangoni.
Nimemwambia anipishe.
Taarifa: kurasa nne, zimepigwa chapa. Hitimisho: bandia. Nimeandika "bila shaka" mara mbili.

Jumamosi, 8 Julai
Alhaji ameisoma yote. "Umeandika vizuri, kijana wangu." Kisha ameituma Dar kwa faksi. Sikutarajia hilo.

Jumatatu, 10 Julai
Faksi imejibiwa, kwa Kiingereza. Mchezo ambao haukutolewa haukufika kiwandani. Nakala za majaribio hurekodiwa moja moja, kwenye CD za mgongo wa kijani, na watengenezaji huziandika kwa mkono. Kasoro ni dalili njema. Aya ya mwisho: kesho saa nne atapiga simu asomewe namba na tarehe, azilinganishe na orodha aliyo nayo.
Alhaji ameniomba nimtafsirie. Nimetafsiri yote, isipokuwa aya hiyo. Uso wake ulijaa furaha.
"Malizia, msomi," Idi amesema. "Karatasi bado ndefu."
Nimesema zilizobaki ni salamu. Namchukia. Nimejichukia zaidi.

Jumanne, 11 Julai
Nimepanda basi la kwanza. Kabla ya saa nne nimemweleza Alhaji: aya niliyoiruka, maandishi niliyoyafuta. Idi ameleta daftari lake bila kuombwa. Kila CD inayoingia kibandani huiandika humo. Nimelifungua upesi. Mstari ulisomeka: "CD ya Alhaji, ya ngumi, bubu." Namba hakuandika.
Simu imelia. Nimejibu mwenyewe. Mzungu amesema bila maandishi hawezi kuithibitisha, na hainunui.
Alhaji hakufoka. "Ungeuliza tu. Idi alikuwa hapo hapo."
Afadhali angefoka.

Alhamisi, 13 Julai
Nimepeleka taarifa ya pili. Nusu ukurasa, kwa mkono. Ofisi ya Njombe haitafunguliwa. Alhaji ameipokea na kuniagiza niendelee na kompyuta chakavu hadi mwisho wa mwezi.
Nimepita kibandani. CD iko rafuni. Nyingine zote zina mwandiko wa Idi. Hiyo pekee ameiacha bila kuandika kitu.
Nimemsalimu mimi kwanza. Ameitikia, akanisogezea benchi.