Kituo Kitakachoingia Kwanza

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimempima Mama Cherehani. Namwita hivyo moyoni tu. Mdomoni ni mama. Nimezungusha skana kwenye kigutu cha mguu wake, umbo likajichora kwenye kompyuta, safi. Programu ilinifungukia mara moja — ajabu. Tuna leseni moja kwa vituo vitatu, nchi tatu, na anayeingia humfungia mwenzake nje. Kila asubuhi namwandikia Pacha: "Toka kidogo." Mchana ananiandikia yeye. Pacha ni fundi wa miguu bandia kama mimi, kituo cha pili. Hatujawahi kuonana. Najua anapokunywa chai kwa sababu ndipo napata nafasi.

Mama anautaka mguu upesi. Cherehani kamwachia wifi yake, na wifi ameshaanza kuwaambia wateja wahamie kwake moja kwa moja. "Nikikawia, mwanangu, nitakuta amefuta hata jina langu ukutani." Akacheka. Mimi sikuweza.

Jumanne, 5 Machi

Nimechoka na hii "toka kidogo" ya kila siku. Nimewaandikia wenye programu, kwa adabu zote: tuongezeeni nafasi moja, tuko vituo vitatu, nchi hii, ile na ile. Nikajiona mtu mzima.

Alhamisi, 7 Machi

Imefungwa. Kwetu, kwa Pacha, hata makao makuu, kituo cha tatu. Wamejibu kwamba leseni ni ya kituo kimoja, anwani moja. Kumbe siku zote tulipona kwa sababu hakuna aliyewaambia. Nimewaambia mimi. Tena kwa mpangilio mzuri.

Mkuu amepiga simu kutoka makao makuu. Hakufoka — afadhali angefoka. Aliuliza nani alinituma. Hakuna, nikasema. "Basi ungenyamaza, binti yangu, kama wenzako."

Nimejifungia stoo, kati ya miguu ya plastiki isiyo na wenyewe.

Ijumaa, 8 Machi

Mama amekuja. Kigutu kinasinyaa siku hadi siku. Tukichelewa, vipimo vya Jumatatu havitamfaa. Navyo vimo ndani ya programu, mimi niko nje. Nimefikiria kuchukua umbo la kigutu kwa plasta, kama walivyofanya zamani. Mfuko wa plasta umegeuka jiwe, na aliyejua kuitumia alishastaafu.

"Kwani kompyuta imefunga duka?"

Ndiyo, mama.

"Na mguu wangu ukiwa ndani?"

Ndiyo.

Alinipigapiga begani. Yeye ndiye ananibembeleza mimi. Aibu gani hii.

Jumatatu, 11 Machi

Wamefungua. Sharti: kituo kitakachoingia kwanza ndicho kitakachosajiliwa. Vingine vijinunulie. Bajeti yetu ya mwaka ilishapita bila hilo. Mkuu ametuandikia wote: asiingie mtu hadi kikao cha Jumatano. Najua kikao kitasema nini. Makao makuu wana wagonjwa wengi kuliko sisi na Pacha tukijumlishwa. Na kusema kweli, wana haki. Ndicho kinachoniumiza.

Pacha ameandika: "Nina binti hapa, ameshavua na soksi, tayari kupimwa. Sijaingia. Najua na wewe hujaingia."

Hajanilaumu tangu Alhamisi. Hata neno moja.

Mama yuko mbele yangu. Amevaa kiatu kipya, kimoja. Cha pili kimo kwenye mfuko wa nailoni, amekipakata. Anasema jana wifi alipaka ukuta rangi. Hakucheka leo.

Kitufe kiko katikati ya skrini. Bonyezo moja tu na mguu wake unatoka. Naandika hapa ili mkono wa kulia uwe na kazi nyingine. Simu inaonyesha Pacha anaandika. Ameacha. Anaandika tena.

Mama amevuta kiti karibu. Anaangalia daftari, anaangalia skrini.

"Mwanangu, kalamu ya nini tena? Si ulisema ni kompyuta?"