Kitambaa cha Siku ya Baba

20 Juni

Mwanangu Kifungo,

Hujambo huko ugenini? Sisi wazima, ila mama yako na magoti yake, unayajua. Kifurushi kimefika. Kitambaa cha buluu kizuri, kizito kidogo, lakini nimemshonea mama yako gauni na limemkaa. Jumapili alitoka nalo, akarudi kwa njia ndefu ili majirani wamwone. Anasema ahsante.

Nimelishona polepole. Siku hizi uzi unakataa kuingia kwenye sindano. Nadhani gauni hilo ndilo la mwisho, cherehani nimeshaifunika. Usihuzunike, nimeshona vya kutosha.

Baba yako

4 Julai

Shikamoo Baba,

Poleni na magoti na macho. Mimi mzima, bado nafua mashuka hotelini. Sasa Baba, kile kitambaa kilikuwa chako. Ilikuwa Siku ya Baba! Kitambaa cha shati la kiume umemvalisha Mama. Nimecheka mpaka wenzangu wakauliza kulikoni, halafu nikalia.

Maana kosa ni letu sisi watoto. Siku ya Mama tunatuma keki na vitambaa, picha zake zinajaa kwenye simu, na vitambaa vyote unavishona wewe. Zawadi ya Mama inakuwa kazi kwako. Siku yako ikifika napiga simu, unasema, "Mimi mzima, ngoja nikupe mama yako." Nasi tunaongea mpaka salio linakwisha.

Nilisoma shule yote kwa sare zako, na hakuna mshono uliowahi kuachia. Nakushukuru Baba, sijawahi kukwambia. Safari hii nitashona mimi. Naomba vipimo vyako.

Bintiyo, Kifungo

19 Julai

Marahaba mwanangu,

Hatujambo. Wewe kushona? Wewe uliyeshona mfuko ukauziba mdomo? Haya. Vipimo vya mtaa mzima ninavyo kichwani, vyangu sikuwa navyo. Mama yako amenisimamisha sebuleni na futi, akanikataza kuvuta pumzi ili nifiche tumbo. Tumecheka sana. Kumbe kupimwa kuna aibu yake, unasimama tu huku mwenzio anakuhangaikia. Vipimo ameviandika nyuma ya karatasi hii.

Baba yako

2 Oktoba

Mwanangu,

Habari za kazi? Huku salama, magoti yamepoa. Shati limefika. Nimelikagua kifundi: kola imekwenda upande, mkono mmoja umezidi mwenzake, na kifungo cha tatu hakijui tundu lake liko wapi. Mteja angelirudisha. Mama yako akaifunua cherehani, akanitungia uzi, akasema, "Mzee, linyooshe basi." Nikamwambia shati hili haliguswi.

Ahsante, mwanangu. Ukipiga simu, mama yako atasubiri zamu yake.

Jumapili nililivaa. Fundi mwenzangu akanisimamisha barabarani, akaitazama kola, akauliza kwa upole nani kanishonea. Nikamjibu, binti yangu. Mama yako akataka twende nyumbani, magoti yasije yakaanza tena. Nikamshika mkono, tukarudi kwa njia ndefu.

Baba yako